Kimulimuli Mwenye Macho Wazi

"Mtoto amepewa dawa gani nyumbani?"

Sista aliuliza hivyo akiwa ameinamia faili, hata hatutazami.

Dada yangu Shirin akapekua mkoba wake, akatoa boksi dogo la dawa ya maji.

"Hii tu, sista. Jonaki. Ya homa. Si watoto wa Dhaka nzima wanakunywa hii?"

Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa kitanda, nimeushika mguu wa Tuli. Mguu wa mtoto wa miaka mitatu, umevimba mpaka ukiubonyeza kinabaki kishimo, kama unga uliokandwa. Siku ya pili hiyo alikuwa hajakojoa hata tone.

Nikainua macho nilitazame lile boksi.

Jamani...

Buluu iliyoiva. Herufi za njano, nene, zenye vitambi. Na chini yake kimulimuli mmoja kibonge, kabeba taa, anatabasamu, macho kodo!

Mguu wa Tuli nikauachia.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, kimulimuli yule hakutoka kiwandani. Kimulimuli yule nilimchora mimi. Kwa mkono huu huu ninaoandikia sasa!

Daktari akalichukua boksi, akaligeuza, kisha akamwambia sista kwa sauti ya chini. Nilisikia.

"Huyu ni wa nne wiki hii. Wote figo."

Wa nne...

Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Mkishamaliza, tukaneni. Ni haki yenu.

*

Naitwa Nilufa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea usanifu wa michoro. Mabango, majalada ya vitabu, maboksi, nembo... vile vitu ambavyo mtu anaviona kutwa na hajiulizi nani kavitengeneza.

Mimi najiuliza tangu mdogo. Wenzangu wakila pipi, mimi nahifadhi karatasi. Nina madaftari kumi na moja yamejaa vibandiko vya viberiti na vifuniko vya maboksi ya halua.

Chuoni ndiyo nikachanganyikiwa kabisa, kila kitu nataka kukijaribu. Nilikwenda kukaa na mafundi wanaopaka picha riksho, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, wiki tatu, mpaka nikaweza kumchora tausi bila kuinua brashi. Nilijaza ukumbi wa chuo maua ya unga wa mchele kama alivyokuwa akichora bibi yangu uani siku za mavuno. Mlinzi akanitimua na fagio.

"We binti, mchele wa kula watu hawana, wewe unaumwaga chini!"

Na herufi! Nilikuwa nachora herufi moja ya Kibangla mara mia mbili, nikitafuta kwa nini hii inacheka na hii imenuna.

Mwalimu wangu, Madam Anwara, siku moja alisimama nyuma yangu akaniambia, "Nilufa, herufi ni mdomo. Kabla hujaupaka rangi, jua kwanza utasema nini."

Nikaitikia, "Ndiyo, Madam."

Sikuelewa kitu!

Nilikuwa nakaa kwa dada Shirin, Mirpur, ghorofa ya pili. Chini kulikuwa na duka la dawa la mumewe, shemeji Habib. Mtu mpole huyo! Hatoki asubuhi mpaka ambusu Tuli nyayo zote mbili. Akipita madukani ananiletea penseli. Mtaa mzima wanamwita "daktari", naye anacheka tu, hakatai.

*

Kaka Moinul tulikutana kwenye maonyesho ya wanafunzi, mwisho wa mwaka.

Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu. Meza zilikuwa arobaini na ushee.

"Wewe ndiye Nilufa?"

"Ndiyo mimi, kaka."

"Nimesikia una jicho kali."

Sikumuuliza amesikia kwa nani. Ukisifiwa, maswali yanakimbia yenyewe.

Alikuwa amemaliza chuo hicho hicho zamani, sasa ana chumba cha kazi kwenye mtaa wa mashine za kuchapa. Akashika daftari langu la viberiti akalifungua taratibu, kwa ncha za vidole, kama anafungua msahafu. Hakuna mtu aliyewahi kulishika vile. Hata mama yangu analiita takataka.

"Njoo kwangu uwe unafanya mazoezi," akasema. "Chuoni watakufundisha maneno. Kwangu utajifunza mkono."

Nikaenda.

Na kweli nilijifunza, sitadanganya. Alinifundisha kuona buluu sita ndani ya buluu moja. Alinifundisha kwamba wino ukikauka unapauka, kwa hiyo uanze na rangi iliyokolea zaidi. Mazoezi yake yalikuwa ya aina moja tu: kunakili. Ananipa boksi la sabuni, nalichora upya mpaka yeye mwenyewe hawezi kusema lipi la kiwanda na lipi langu.

"Mabingwa wote walianza kwa kunakili," alikuwa akisema. "Asiyeweza kuiga hawezi kubuni."

Sabuni. Biskuti. Majani ya chai.

Halafu siku moja mchana, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani, akaniwekea mezani boksi la dawa.

Jonaki.

Maana yake kimulimuli. Dawa ya homa ya watoto, kila nyumba inaijua. Lakini boksi hili lilikuwa geni kwangu. Lile la zamani lilikuwa jeupe, hili ni la buluu.

"Wamebadilisha," Moinul akasema. "Jipya hili, halijatoka bado. Nichoree kama lilivyo."

"Halijatoka? Wewe umelipata wapi?"

"Nilufa, unataka kujifunza au unataka kunihoji?"

Akacheka. Nami nikacheka.

Lile boksi lilikuwa limekanyagwa. Pembe moja imechanika, na mpasuko ulipita katikati ya kichwa cha yule kimulimuli. Mwili upo, taa ipo, tabasamu lipo. Macho hayapo.

"Kaka, hapa macho hayaonekani. Nipatie jingine nilinganishe."

"Hakuna jingine. Weka macho yoyote, we si msanii?"

Basi nikamwekea macho. Makubwa, ya mviringo, yanakutazama. Niliyafanya kwa mapenzi, wallahi. Niliweka na tone dogo jeupe ndani ya kila jicho ili yang'ae, mtoto akiyaona asiogope dawa.

Nilipomaliza, akaniambia, "Tarehe ya kuisha na namba ya toleo usiandike. Acha wazi."

Nikageuka kumtazama.

"Kwa nini tuache wazi? Si ni mazoezi tu?"

"Nitajaza mimi."

"Lakini kaka..."

"Na ukitoka, futa faili kwenye kompyuta yako. Karatasi za majaribio niachie hapa hapa."

Wapendwa, hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Nilijua.

Sikujua yote. Lakini kuna kitu ndani yangu kilikaa wima kikasema, Nilufa, hili si zoezi. Nikakiambia kinyamaze. Kwa sababu Moinul alikuwa ameshika ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha, anatikisa kichwa, anasema, "Miaka kumi na miwili nipo kwenye kazi hii, sijaona mkono kama huu."

Nikaondoka na mvua ile nikiwa nimejaa sifa mpaka shingoni.

Hiyo ilikuwa Juni. Tuli akaugua Agosti.

*

Turudi wodini.

Daktari, mama mmoja wa makamo anaitwa Sumona, alitaka kuondoka na lile boksi wakalipime. Kabla hajapiga hatua, shemeji Habib akaingia. Kalowa jasho, shati limemganda.

Akaliona boksi mkononi mwa daktari.

Akalipokonya! Kweli kabisa, akalipokonya daktari!

"Hii si yenyewe! Mke wangu kachanganyikiwa! Mtoto alikunywa dawa nyingine!"

"Habib, unasema nini?" Shirin akashangaa. "Si niliichukua dukani kwetu juzi..."

"Nyamaza, Shirin!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Wodi nzima iligeuka.

Akanivuta mimi mpaka kwenye korido.

"Shemeji, nisaidie. Mwambie dada yako asitaje duka. Mimi nimeuziwa tu, nimetapeliwa kama wengine. Lakini wakisikia imetoka kwangu watafunga, watu watanichoma moto. Tuli atalelewa na nini?"

Nilimhurumia. Na niseme ukweli wangu mchungu: nilifurahi. Kwa sababu kama yeye hataki lisemwe, na mimi nina sababu yangu ya kutotaka lisemwe. Tukasimama pale koridoni, watu wazima wawili, tukakubaliana kunyamaza, na mtoto ndani anavimba.

Boksi akalitia mfukoni. Chupa akaimwaga kwenye sinki.

Mimi nikashuka ngazi mbio, nikakamata riksho, mpaka kwa Moinul.

*

Mashine zilikuwa zinanguruma. Moinul alikuwa anakunywa chai, anachovya biskuti.

"Kaka, lile boksi la Jonaki. Uliliuza?"

Hakushtuka. Akamalizia biskuti yake kwanza.

"Boksi gani?"

"Usinifanye mtoto! Mpwa wangu yuko hospitali, figo zimegoma! Kimulimuli yuko kwenye boksi, macho yangu yale!"

"Macho yako," akasema polepole. "Umesema mwenyewe. Macho yako."

Akaigeuza kompyuta yake nione. Faili lile lile. Na mahali pa jina la mchoraji: Nilufa. Akabonyeza tena, ikaja video. Mimi hapo, nimeinama mezani, ulimi nje kidogo kama kawaida yangu nikizama kwenye kazi, naweka lile tone jeupe kwenye jicho. Alinirekodi kutoka juu ya kabati na sikujua!

"Mimi nina mashine tu," akasema. "Watu wanaleta kazi, nachapa. Aliyechora ni wewe. Ukifungua mdomo, atakayelala ndani ni nani?"

"Kuna watoto wanne!"

"Rudi hospitali, Nilufa. Mkae na mgonjwa wenu. Kitanda namba kumi na saba, si ndiyo? Karibu na dirisha."

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Mimi nilikuwa sijamwambia hospitali ipi. Sembuse kitanda!

Nilitoka pale nikitazama nyuma kila hatua mbili. Kila mwenye pikipiki nilimwona yeye. Nilipofika wodini kitu cha kwanza nilikwenda kutazama dirisha la Tuli kama limefungwa. Nikalisogezea kiti. Nikakikalia mimi mwenyewe.

*

Kitanda cha jirani, namba kumi na nane, alikuwepo mtoto anaitwa Shanto. Mwaka mmoja na nusu. Mama yake, Kohinur, anashona mashati kiwandani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi hata katika shida ile. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, mwanangu huyu mbishi. Akikataa kitu kakataa. Sasa kakataa kukojoa, tutamfanyaje?"

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, Shanto alifariki.

Kohinur hakupiga kelele. Alikaa. Sista wakamfunika mtoto. Baada ya muda akanigeukia.

"Dada, nimeona una kalamu na daftari. Wewe unachora?"

Nikamwonyesha daftari.

"Simu yangu hii ya kubonyeza, haina picha. Sina picha yake hata moja. Nilikuwa nasema akitimiza miaka miwili nitampeleka studio, nimvalishe." Akaifunua shuka kidogo. "Nichoree. Kabla hawajamchukua."

Nilichora.

Nusu saa nzima sikuinua kichwa. Nywele zake zilijizungusha duara dogo upande wa kushoto. Nyusi nyembamba kama za mama yake. Nilipofika kwenye macho, yalikuwa yamefumbwa.

"Mfungue macho," Kohinur akaninong'oneza. "Alikuwa na macho makubwa. Mchore anatazama."

Nikaweka macho makubwa, ya mviringo. Nikaweka tone la mwanga ndani ya kila jicho.

Akaishika ile karatasi, akaibusu, akaniwekea mkono kichwani akanibariki.

Akanibariki mimi!

Pale ndipo nilipovunjika. Nilikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha daktari Sumona, sikubisha hodi.

"Daktari, Jonaki ile ni feki. Najua kwa sababu boksi nimelichora mimi. Niitieni polisi, nifanyeni mnachotaka, lakini watoto wengine wasinywe!"

Daktari alinitazama. Sijui kama alinichukia. Nadhani alinichukia. Akainua simu akapiga stoo ya dawa ya hospitali.

"Nileteeni Jonaki mpya iliyotoka kiwandani."

Ikaja. Nikaiona kwa mara ya kwanza Jonaki ya kweli.

Buluu ile ile. Herufi zile zile. Kimulimuli kibonge yule yule na taa yake.

Lakini amefumba macho! Amelala! Dawa ya kumpa mtoto usingizi akiwa na homa, ndiyo maana walimchora amelala!

Wa kwangu peke yake, Bangladesh nzima, ndiye alikuwa macho.

*

Nikampigia Madam Anwara. Nilimweleza yote, analia na mimi nalia. Nilipomaliza akasema, "Machozi baadaye. Njoo na hilo boksi la kiwandani."

Tulikaa kwenye studio ya chuo, mimi na yeye, siku nzima. Boksi la feki tulilipata duka la tatu tu tulilouliza. Duka la tatu!

Nilifanya bango. Kazi zote nilizowahi kufanya zilikuwa na mapambo. Hili halikuwa na pambo hata moja. Kushoto kimulimuli aliyelala. Kulia kimulimuli aliye macho. Herufi nene nyeusi hata bibi asiye na miwani azisome:

AMELALA: SALAMA.
YUKO MACHO: SUMU. USIMPE MTOTO!

"Weka jina lako chini," Madam akasema.

"Madam, watanikamata."

"Ndiyo. Weka."

Nikaweka jina. Nikaandika na mstari mmoja: *Picha ya kulia niliichora mimi. Nisameheni. Tazameni boksi sasa hivi.* Nikalirusha mtandaoni.

Ilisambaa kama moto wa kifuu. Mafundi wangu wa riksho walilichora nyuma ya riksho zao kwa rangi. Misikitini wakatangaza baada ya swala ya adhuhuri. Wanawake walikuwa wanasimama mbele ya maduka, boksi mkono mmoja na simu mkono wa pili, wanalinganisha macho. Hospitali ikapata namba za simu za akina mama waliokuwa na chupa zilizofunguliwa, wengine walikuwa wamempa mtoto kijiko kimoja tu. Wakawahi.

Simu yangu ikaanza kupokea meseji. Namba nisizozijua. Moja haikuwa na maneno, ilikuwa picha tu. Picha ya dirisha. Dirisha la Tuli, limepigwa kutoka *ndani* ya wodi.

Kutoka ndani!

Nikazima simu nikaenda kujisalimisha polisi na Madam Anwara ubavuni.

*

Afande aliyeshika kesi alikuwa mwanamke, Inspekta Dilruba, hana maneno mengi. Walimkamata Moinul jioni ile ile akipakia mashine kwenye lori. Kesho yake mchana tukaitwa kituoni mimi, dada Shirin na shemeji Habib, tutoe maelezo.

Tumekaa kwenye benchi. Shirin kanipa mgongo tangu aliposikia kuhusu mchoro, hajaniambia neno. Habib kamshika mkono, anamfariji.

Inspekta akaweka simu ya Moinul mezani.

"Nilufa. Boksi la mfano, lile lililochanika. Moinul alilipata wapi?"

"Sijui, afande. Alisema halijatoka madukani."

"Halikuwa limetoka. Kiwanda kiligawa machache kwa wenye maduka ya dawa, wazoee sura yake." Akavaa miwani. "Kuna mtu alimpelekea Moinul. Nasoma alichoandika: 'Boksi nimelipata, limekanyagwa kidogo. Usitafute mchoraji wa nje, atatuuza. Shemeji yangu anasoma chuo chako, ana mkono wa ajabu na ni mjinga wa dunia. Msifie tu, atafanya.'"

Akanitazama juu ya miwani.

Mjinga wa dunia. Msifie tu...

Niligeuka taratibu. Shirin naye aligeuka. Sote tukamtazama mtu yule anayebusu nyayo za mtoto wake kila asubuhi.

"Na hii ni ya majuzi," Inspekta akaendelea. "'Kitanda 17, dirishani. Mtishe anyamaze, lakini usimguse.' Picha ya dirisha pia ulimtumia wewe, Habib, naye akamrushia Nilufa kwa namba nyingine."

Shirin akautoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe. Kidole kimoja kimoja.

"Habib." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ulijua ni sumu?"

"Sikujua inaua! Waliniambia haina nguvu tu, kama maji ya sukari! Naapa!"

"Lakini ulijua ni feki. Ukaiweka dukani."

"Niliiweka kwa ajili ya wateja!" Akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Ya Tuli niliiweka kando! Ile nzuri, juu ya kabati, nyuma ya sufuria! Nani alikwambia ushuke dukani, Shirin? *Nani alikwambia umpe mwanangu ile ya watu?!*"

Ile ya watu.

Nawaambia, hata yule askari aliyekuwa mlangoni alifumba macho.

Shirin alisimama, akajitanda mtandio wake vizuri, akamwambia Inspekta, "Afande, andika. Niko tayari kutoa ushahidi." Na aliutoa wote, saa mbili nzima, mbele yake, hakumtazama hata mara moja.

*

Leo ni mwezi wa saba tangu siku ile.

Tuli yuko hai. Alikaa hospitali siku hamsini na mbili, mashine inamsafishia damu. Amerudi mwembamba, anatembea anashika ukuta, na figo zake hazitakuwa kama za watoto wengine. Lakini jana kaniambia "mama mdogo ondoka, unaniziba katuni", nikalia kwa furaha.

Watoto tisa hawakurudi nyumbani. Tisa tunaowajua.

Habib na Moinul wako rumande, kesi inaendelea. Mimi ni shahidi na ni mshtakiwa pia. Chuo kimenisimamisha, na hakikukosea.

Nilimtafuta Kohinur. Nilimkuta nje ya kiwanda chao, saa ya chakula, anakula wali na dengu kwenye kopo. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunika kopo lake.

"Picha nitabaki nayo," akasema. "Kwa sababu ni yeye. Umempata kabisa. Lakini wewe usije tena."

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Sijarudi.

Najua humu ndani kuna vijana wenzangu. Wachoraji, wapiga picha, mnaotengeneza nembo na mabango kwa simu zenu. Siku mtu atakapowaambia nyinyi ni mabingwa, furahini, lakini muulizeni hapo hapo kazi inakwenda wapi na kwa nini jina la mwenye kazi limefichwa. Akikasirika kwa swali hilo, jibu mmeshalipata. Kunjeni karatasi zenu mwondoke.

Mimi nilikuwa na swali hilo mdomoni. Nililimeza kwa sababu ya sifa, na walioinywa ile dawa ni watoto wa watu.